Tumenunua nyumba yetu ya kwanza: nyota za dalali, za wakili, na mama wa genge

Nianze na nyota kabisa maana najua wengine hamfiki mwisho. Nyumba yenyewe naipa nne kati ya tano. Dalali mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya uchangamfu tu. Wakili tano, zingekuwepo sita angebeba sita. Kampuni ya viwanja tuliyoanza nayo sifuri. Mama muuza genge hakuomba hata mia na katuokolea hela nyingi sana, huyo sijui hata nimpeje.

Sisi ni watu wa kawaida sana, mume wangu mwalimu wa sekondari, mi nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo, watoto wawili. Tulipanga Kimara miaka saba, vyumba viwili na sebule, laki mbili na nusu kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwahiyo kila ikikaribia mwezi wa kwanza na wa saba nyumba nzima ni dagaa na mchicha, mchicha na dagaa. Sasa 2022 mwenye nyumba akapaka rangi ukuta wa mbele tu, yani wa mbele tu, akapandisha ikawa laki tatu. Baba watoto akarudi ndani akakaa kwenye kochi hajavua hata viatu akasema mama, tutafute kwetu.

Kwanza tukaenda benki kama watu wastaarabu. Watu wanaongelea mkopo wa nyumba kama vile uko pale kaunta unachukua unaondoka. Tukaulizwa nyumba ina hati? Tukasema nyumba bado hatujaipata. Sawa, mkiipata iwe na hati, ifanyiwe uthamini, mje na sehemu ya hela yenu, na ratiba ya marejesho ya miaka kumi na kitu, nilivyoona ile jumla ya mwisho nikarudisha karatasi mezani polepole kama imeniunguza. Na pagale, yani nyumba ambayo haijaisha, ndo kabisa hawalitaki. Tukaishia kwenye mkopo wa mtumishi, ule wa kukatwa kwenye mshahara, ambao nao una kikomo maana lazima theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mwenyewe. Ikatoka 18M. Mi SACCOS yangu 6M, mgao wa kikoba 3.2M, tukauza bodaboda yetu iliyokuwa kwa kijana wa mkataba 1.7M, na akiba ya miaka yote hiyo 5.1M. Jumla 34M. Kumbukeni hiyo hesabu, hasa hiyo ya SACCOS na kikoba, nitairudia.

Kampuni ya viwanja. Siitaji jina, sitaki kesi. Tangazo zuri, picha za kuchora zenye barabara za lami na miti ya minazi imepangwa mstari, kila Jumamosi kuna basi la bure linachukua watu Mbezi kwenda saiti, unapewa maji na soda na biskuti. Mkifika ni pori limefyekwa, kuna kijana na kipaza sauti, na kuna watu wawili watatu kwenye basi wanapiga makofi sana na kulipia buking hapohapo, mpaka leo naamini wale walikuwa wa kwao. Tukalipa laki tano ya kushikilia. Hati ndani ya siku 90 walisema. Nyumbani sasa baba watoto, mwalimu wa jografia huyo, akataka namba ya ramani ya upimaji tu, namba tu, akaangalie manispaa kama ipo. Wiki ya kwanza ipo kwa meneja, wiki ya pili meneja yuko safari, wiki ya tatu yule dada mpole wa simu akawa mkali. Tukaomba hela yetu. Ikarudi laki nne baada ya miezi mitano, laki moja ni "usumbufu". Usumbufu wa nani sasa.

Basi tukageukia madalali.

Dalali wetu ni kijana mmoja ana leso shingoni mwaka mzima, simu mbili na boda ya kuazima. Kuonyeshwa ni elfu ishirini, iwe nyumba moja iwe tatu, unalipa kabla hujapanda boda. Mume wangu anamwita bosi, mi ananiita shem, ndani ya dakika kumi tushakuwa ndugu. Lugha yake tulichelewa kuielewa kwahiyo niwasaidie. Dakika tano kutoka barabarani ni dakika tano za boda, tena boda isiyo na abiria na bila mvua. Umeme upo maana yake nguzo unaiona kwa macho. Maji yapo ni kisima cha jirani, na yana chumvi, chai yake unaweza ukailia ugali. Mwenye nyumba ana shida anahama mkoa, hao wote wanahama mkoa, sijui huko mikoani wanakaa wapi. Na kila nyumba kuna mtu yuko njiani anakuja na keshi. Huyo mtu alikuwa njiani miezi minane tuliyozunguka na hakufika hata siku moja.

Kitu kikubwa cha kumjua dalali ni cha juu, yani hela anayoongeza kimyakimya juu ya bei ya mwenye nyumba. Anafanya kila mbinu msikae na mwenye nyumba mkaongea wenyewe, atawaambia mzee ni mkali, mzee hapendi watu wengi, mzee yuko msibani. Nyumba tuliyokuja kununua alitutajia 41, siku tumemkuta mwenyewe anamwagilia mboga nyuma ya ukuta akasema yeye anataka 36. Milioni tano nzima ilikuwa inapita katikati hapo! Sasa sisemi asile, kazunguka juani na sisi, asilimia yake kwa muuzaji anayo. Lakini cha juu cha 5M wakati unaniita shem? Hapo ndo nyota zilipoanza kudondoka.

Ila kabla ya hiyo kulikuwa na nyumba nyingine, na hii ndo sababu naandika.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, hati ipo, bei 34 kamili, yani kama imeshonwa kwa kipimo chetu. Baba watoto alikuwa na wasiwasi wake mmoja tu siku zote, barabara, maana tulikuwepo Kimara 2017 kwenye ile bomoabomoa ya Morogoro Road, mita 121.5 toka katikati ya barabara mpaka Kibaha huko, alama za X nyekundu kwenye nyumba za watu waliozeekea humo. Hii haikuwa na shida hiyo. Mi nilishapanga friji inakaa wapi. Shemeji yangu mmoja akasema msitoe hela bila wakili, tukatoa laki nne, mume wangu ananung'unika njia nzima kwamba laki nne ni mabati mangapi.

Ofisi ya wakili ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni inalia kama inaumwa. Mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Cha kwanza alifanya upekuzi kwa msajili wa hati, hiki kitu fanyeni jamani, ada unalipia kwa kontroo namba na ni ndogo ukilinganisha na kilio chake, unajua kama hati ni ya kweli, iko kwa jina la nani, na kama benki au mahakama imeishikilia. Majibu yakatoka safi. Safi kabisa. Tukapangiwa Ijumaa tuje tusaini. Dalali alikuja amepiga pasi, leso mpya, kama anaenda kuposa.

Wakili akafunua mkataba, akafunua tena, akamuangalia muuzaji juu ya miwani. "Baba, umeoa?"

Akasema ndiyo, ila tumetengana, yupo Morogoro.

"Talaka ipo?"

"Hapana, bado tunaongea ongea."

"Basi tumpigie."

Yule baba akasema hana salio. Wakili hakujibu, akamsukumia simu yake mwenyewe juu ya meza. Ikawekwa sauti ya nje. Ikaita ikaita. Wakili akajitambulisha vizuri, akasema mama nipo hapa na mumeo, anauza nyumba ya Dar, sheria inataka na wewe uridhie. Kimya. Nasikia mtoto analia kwa mbali na kifuniko cha sufuria kinaanguka. Alafu yule mama akauliza taratibu tu, hajapaza sauti hata kidogo:

"Nyumba gani hiyo? Ile niliyokuwa namwagilia tofali asubuhi na jioni na tumbo la miezi saba?"

Dalali akaanza kuangalia dirishani. Muuzaji kainamia viatu vyake. Wakili akafunga faili akasema mkutano umeisha, na akatuelezea sisi wawili baadae kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, kuna kifungu chake cha 59, kwahiyo hata hati iwe safi vipi ungelipa hela yako alafu yule mama anakuja na watoto wake anafungua kesi na wewe uko ndani na friji lako. Hati ilikuwa na jina moja tu. Upekuzi usingeonyesha yule mama kamwe, hayupo kwenye karatasi yoyote. Alikuwepo kwenye tofali.

Laki nne yetu ilikuwa imeshalipa. 34M nzima ilibaki mfukoni kwa swali la maneno mawili.

Kwenye daladala kurudi hatukuongea. Mume wangu anadhani nilikuwa nawaza nyumba tuliyoikosa. Mi nilikuwa nawaza kwamba kwenye makaratasi yote tuliyokuwa tumeandaa ule mwezi, fomu ya serikali ya mtaa, rasimu ya mkataba, jina lilikuwa la kwake tu na mi mwenyewe nilikuwa nimeyabeba kwenye mkoba wangu wiki tatu bila kuona kitu.

Haya, nyumba tuliyonunua. Ni huku Kibamba, ndani ndani, boda toka barabara kubwa elfu moja mia tano mchana na elfu mbili usiku. Pagale lililoezekwa, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo, choo cha wote, halina madirisha wala dari wala sakafu. Hati hakuna ila eneo limerasimishwa, mipango miji ishapita, bikoni za mipaka zipo. Wakili wetu hapo hakuwa na cha kupekua kwa msajili, akatupeleka Manispaa ya Ubungo tukahakikisha namba ya kiwanja na jina kwenye ramani, alafu akataka mkataba ambao mzee mwenyewe alinunulia zamani. Akaleta, karatasi imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa. Mke wake akaletwa mwanzoni kabisa, bi mkubwa mmoja mcheshi, akaulizwa unaridhia? Akasema mi ndo niliyemwambia auze, magoti yangu hayawezi huu mlima.

Mlima, eeh. Hapo ndo mama wa genge anaingia. Kuna genge pale kwenye kona kabla ya kupandisha, anauza nyanya na bamia na mihogo ya kukaanga jioni. Mi nina tabia ya kununua kitu kila mtaa tunaoenda kuangalia, ukinunua nyanya za buku unapewa habari za laki. Nikamuuliza mama shikamoo, hapa pakoje? Akanipima kwanza, akaniuliza mnanunua au mnapanga? Nikasema tunanunua. Akasema basi msije leo, leo kumekauka kila kitu kizuri. Njooni mwezi wa nne mvua ikiwa imenyesha siku mbili. Na ile nyumba ya bluu mliyoonyeshwa kule chini (kweli tulionyeshwa, 29M, mume wangu alikuwa ameanza kuipenda) msiiguse, korongo linakula, mwaka juzi lilikuwa kule, mwaka huu liko hapa, akaonyesha kwa mkono wenye kisu.

Tukarudi Aprili 2023. Tumevaa ndala, suruali imekunjwa, na dalali hakutokea alisema ana homa. Ile ya bluu, choo chake kilikuwa kinaning'inia nusu hewani. Ya mzee juu huku ilikuwa kavu, maji yanapita pembeni yote kwenye mfereji, ila njia yenyewe ni matope boda hazipandi, tulipanda kwa kushika miti. Hilo likatusaidia kwenye maongezi, mzee toka 36 akaja 33.5. Pale ofisi ya mtaa tukaambiwa kuna asilimia ya mauziano, wakili akauliza kwa upole imeandikwa wapi na risiti inatoka ya nani, mazungumzo yakapungua ghafla, tukalipa kidogo cha kueleweka na risiti. Hela ya nyumba hatukubeba mkononi, tulienda na mzee mpaka benki yake ikaingia kwenye akaunti yake tukapata karatasi.

Siku ya kusaini kaka yake mume wangu alikuja kuwa shahidi. Wakili akauliza, mnunuzi naandika nani? Kaka mtu akawahi, andika mwalimu, shem si mke wake, kwani anaenda wapi. Mume wangu akajikuna shingo. Mi nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga toka siku ile ya simu, tena makali, lakini nikashindwa kuongea mbele ya shemeji mkubwa, mjue zilivyo heshima za ukweni. Wakili akaweka kalamu chini akajimiminia maji, akanywa glasi yote, hana haraka. Feni inalia. Ndo baba watoto akasema, "Kaka, kikoba chake kimo humu ndani. Na SACCOS. Andika wote wawili."

Kaka mtu alisaini, na chai alikunywa na maandazi mawili. Kuna shangazi mmoja bado hajatuzoea, anasema mwanamke kuandikwa kwenye nyumba ni kumroga mume, sawa shangazi, karibu Kibamba.

Tuliingia Disemba 2023, zile mvua za El Nino zimeshatuonyesha paa linavuja wapi (juu ya stoo, misumari mitatu). Tulimalizia chumba kimoja kwanza tukalala wote wanne humo kama sadini, madirisha ya vingine tumeziba kwa bati. Mnaotaka kununua pagale mjipange kisaikolojia, bei unayolipa ni nusu ya safari, vigae, waya, milango, shimo la choo, kila fundi anakuambia aliyepita kaharibu. Umeme ulivyowaka watoto walizima na kuwasha taa mpaka nikawafokea. Luku ya kwanza nikaona imekatwa 1,500 nikadhani kosa, kumbe ni kodi ya jengo inakatwa kila mwezi humohumo, nikajikuta nimefurahi kukatwa kodi, sijui nina matatizo gani. Maji tunanunua ya boza, simtanki la lita elfu moja linatutosha siku tisa nikikaba, siku sita wifi akija.

Nyota moja iliyopungua kwenye nyumba ni ya ile njia. Ukiwa na mzigo mvua ikinyesha unauacha kwa mama wa genge unapanda mikono mitupu, asubuhi unaukuta umefunikwa turubai.

Juzi dalali kapiga. Sio kwangu, kwa mume wangu. Bosi, hiyo nyumba ukimalizia finishi nina mtu wa 60 cha haraka, yuko njiani anakuja na keshi, tuongee kiume tu. Simu ilikuwa sauti ya nje maana alikuwa anamenya viazi. Akamwambia ongea na huyu hapa, akanisogezea simu kwa kiwiko, mi nikasema haloo shem, ikakata.

Jikoni bado kuna bati dirishani. Fundi aluminiamu alisema anakuja Jumanne, hakusema ya lini.